Kupanda Treni Syokimau: Mwongozo kwa Anayeanza, Kutoka Mjini Nairobi Hadi Kiti Chako cha SGR

Kila likizo ya shule inapokaribia maswali huwa ni yale yale. SGR, ile reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa, inapandiwa wapi? Tiketi yangu imeandikwa Nairobi, mbona naambiwa niende Syokimau? Ile treni ndogo ya mjini inaondoka saa ngapi, na inanifikisha mlangoni? Mtoto wa miaka minne analipiwa? Nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu, na sasa nimeyaweka pamoja ili ukishasoma hapa usihitaji kumsumbua mtu.

Jibu la swali la kwanza ndilo linalookoa safari nyingi, kwa hiyo nalitanguliza: Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, haiingii katikati ya jiji. Inaanzia na kuishia Nairobi Terminus, iliyoko Syokimau, upande wa Mombasa Road, karibu na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Ukienda na mizigo yako hadi stesheni ya zamani mwisho wa Moi Avenue ukidhani utaikuta SGR hapo, utakuta treni, lakini siyo yako.

Stesheni tatu, usizichanganye

Kabla ya hatua zozote, zijue stesheni hizi tatu, maana karibu kila mkanganyiko unaanzia hapa.

Ya kwanza ni stesheni kuu ya zamani, Nairobi Central. Iko kandokando ya Haile Selassie Avenue, na steji ya matatu ya Railways iko jirani yake. Hapa ndipo reli kutoka Mombasa ilipofika tarehe 30 Mei 1899, miaka mitatu baada ya ujenzi kuanza pwani, na hapa ndipo jiji lenyewe lilipochipuka. Kabla ya hapo palikuwa bondeni tu, mahali pa maji ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe. Wajenzi waliweka kambi na ghala kabla ya kuipandisha reli kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, na kambi ikageuka mji. Reli iliendelea hadi Kisumu, ikafika ziwani Desemba 1901.

Ya pili ni Syokimau. Ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 13 Novemba 2012. Wakati huo reli ya zamani ilikuwa imechoka. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilikuwa limevunjika mwaka 1977 na Kenya kubaki na shirika lake, treni za abiria zikazidi kupungua mwaka hadi mwaka, na mwaka 2006 njia ikakodishwa kwa kampuni binafsi. Kujenga stesheni mpya kabisa kwa ajili ya watu wa mitaa ya pembeni, wenye kazi mjini na foleni ya Mombasa Road kila asubuhi, lilikuwa jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kuliona. Kulijengwa pia maegesho, ili mtu aliache gari lake hapo na kwenda mjini kwa reli. Ilikuwa fikra nzuri mwaka ule na bado ni nzuri leo.

Jina lenyewe lina uzito wake. Syokimau alikuwa mwaguzi wa Wakamba katika karne ya 19. Husimuliwa kwamba aliona mapema nyoka mrefu akitoka baharini kuelekea kwenye maji mengine bara, akipumua moshi, na watu wenye ngozi ya rangi ya nyama wabebao moto mfukoni. Kwamba stesheni yenye jina lake sasa imekaa pembeni mwa reli mbili, ya zamani na mpya, ni jambo ambalo mimi huliwaza kila ninapopita pale.

Ya tatu ni Nairobi Terminus, ile ya SGR, jirani na Syokimau. Safari za abiria zilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, mkesha wa sikukuu ya Madaraka, ndiyo maana treni ikaitwa Madaraka Express. Mwezi mmoja hivi kabla yake, Aprili 2017, treni ya abiria ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa ilifanya safari zake za mwisho.

Sasa, kwa nini treni ya SGR isiingie tu hadi mjini? Sababu ni upana wa njia. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. SGR ina milimita 1,435. Gurudumu la moja haliwezi kukaa juu ya nyingine. Kwa hiyo lazima ushuke huku upande kule, na ndiyo kazi ya treni ya kuunganisha, ile ndogo ya mjini. Nadharia inatosha hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kitambulisho cha taifa, au pasipoti kwa mgeni. Siyo picha yake kwenye simu, chukua chenyewe. Kwa mtoto, beba cheti cha kuzaliwa au nakala yake. Walio chini ya miaka mitatu hawalipi, na wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu. Cheti ndicho kinachomaliza ubishi pale mtoto anapoonekana mkubwa kuliko umri wake.

Laini ya simu yenye M-Pesa na salio linalotosha nauli pamoja na ada ya kutuma. Tangu Januari 2024, nauli ya Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Vituo vya katikati nauli hushuka kulingana na umbali.

Pesa ndogo mkononi kwa treni ya mjini, bodaboda au matatu. Noti ya elfu moja saa kumi na mbili asubuhi ni mzigo kwako na kwa konda.

Simu yenye chaji, kwa sababu ujumbe wa tiketi yako uko ndani yake. Nakili pia namba ya tiketi kwenye karatasi. Sekunde kumi za kuandika zitakufaa simu ikizima.

Mizigo unayoweza kuibeba mwenyewe. Utaishusha na kuipandisha mara nyingi zaidi ya unavyofikiri.

Hatua kwa hatua

1. Chagua treni inayokufaa, siyo tarehe peke yake. Kila siku kuna treni ya asubuhi inayosimama vituo vya katikati, inayoondoka saa mbili asubuhi, kisha ya alasiri ya saa tisa na ya usiku ya saa nne. Ya asubuhi hupita Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Ukiwa unakwenda Taita, Voi ndipo pako. Anayekwenda Loitokitok hushuka Emali. Kama unakaa Kitengela au Athi River na unasafiri asubuhi, huna haja ya kurudi nyuma hadi Syokimau. Kata tiketi ya kuanzia Athi River.

Angalizo: saa kwenye tiketi imeandikwa kwa mtindo wa tarakimu 24. 08:00 ni saa mbili asubuhi, 15:00 ni saa tisa alasiri, 22:00 ni saa nne usiku. Wapo wanaosoma 08:00 wakasikia saa nane. Isome kwa sauti mbele ya mtu wa pili kama una shaka. Na kwa treni ya usiku, tarehe kwenye tiketi ni ya kuondoka. Mombasa utaamkia alfajiri ya siku inayofuata, kwa hiyo mwambie anayekuja kukupokea tarehe iliyo sahihi.

2. Kata tiketi mapema. Piga *639# kwenye simu yako, au ingia kwenye tovuti ya tiketi ya Kenya Railways. Utaulizwa unakotoka, unakokwenda, tarehe, daraja, idadi ya abiria, halafu jina na namba ya kitambulisho cha kila mmoja. Ukimaliza, lipa kwa M-Pesa papo hapo. Nafasi uliyoshikiliwa haikusubiri. Usipolipa kwa muda uliopewa, inaachiwa mwingine.

Desemba, Pasaka na siku za shule kufungwa ni msimu wa vita. Usingoje mshahara wa mwisho wa mwezi kununua tiketi ya tarehe 23 Desemba. Kama huwezi kumudu kwa pamoja, katia watoto na mama yao kwanza, wewe ufuate baadaye kwa treni yenye nafasi.

3. Kagua ujumbe ukishaingia. Jina moja moja, namba ya kitambulisho tarakimu kwa tarakimu, tarehe, saa, stesheni ya kuanzia. Hapa ndipo makosa hurekebishika kwa urahisi; langoni hayarekebishiki. Usikubali mtu akukatie tiketi kwa jina lake eti utatumia tu. Jina la tiketi na la kitambulisho lazima yaoane.

Onyo la pili hapo hapo: kuna watu wanaojitokeza mitandaoni na pembeni mwa stesheni wakidai wana tiketi za ziada za treni iliyokwisha kujaa. Tiketi yenye jina la mtu mwingine haina thamani kwako hata ukiinunua kwa bei ya kawaida.

4. Siku moja kabla, amua utafikaje Syokimau. Una njia tatu, na nitasema wazi ninayoipenda.

Treni ya kuunganisha kutoka Nairobi Central ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote anayeanzia mjini. Tangu Novemba 2020 zinatumika pia treni zile za DMU zilizoletwa kutoka Uhispania, zenye injini ndani ya mabehewa yenyewe, bila kichwa cha kuvuta. Zinapita Makadara na Imara Daima, na hazijui foleni. Wakati magari yamekwama kutoka Nyayo Stadium hadi Bellevue, General Motors na Cabanas, wewe unapita kwa nyuma ya viwanda ukiwa umekaa. Huondoka mjini mapema, kulingana na saa ya Madaraka Express, na ratiba hubadilishwa mara kwa mara. Kwa hiyo iangalie kwenye kurasa rasmi za Kenya Railways siku moja kabla, siyo wiki iliyopita.

Matatu za Mlolongo, Athi River na Kitengela hupita Mombasa Road. Mwambie konda mapema kwamba unashuka kwa SGR. Kutoka barabarani hadi terminus kuna mwendo, na ukiwa na mizigo utahitaji bodaboda au teksi. Mvua ikinyesha jioni, ongeza muda wako mara mbili, maana barabara hiyo mvua huiweza.

Gari la binafsi au teksi linaweza kupita barabara ya juu ya Expressway, iliyofunguliwa Mei 2022, ambayo ina njia ya kutokea yenye jina SGR. Utalipia, lakini jioni ya Ijumaa utaona faida yake.

5. Ukiwa Nairobi Central, uliza swali moja kabla ya kupanda: "Hii inafika Terminus?" Siyo kila treni inayotoka pale kuelekea upande huo inafika SGR. Za kawaida huishia Syokimau kwa ajili ya wakazi. Nyingine hugeukia Embakasi, na kuna za Ruiru na Kikuyu pia. Kuuliza si ushamba. Hata wenyeji huuliza, kwa sababu jukwaa hubadilika.

Fika dakika 30 kabla. Ukiwa umewahi sana na una saa ya kupoteza, Jumba la Makumbusho ya Reli liko jirani tu. Humo mna behewa ambalo ndani yake afisa wa polisi wa reli Charles Ryall alikamatwa na simba usiku, mwaka 1900, pale Kima, alipokuwa amemvizia simba huyo huyo. Watoto hulikumbuka behewa hilo kuliko safari nzima.

6. Ukifika Terminus, fuata watu wenye mizigo na ujiandae kwa ukaguzi. Huu ndio mwanzo wa kuchanganyikiwa kwa wengi, basi nieleze taratibu. Nje ya jengo utaambiwa uweke mizigo yako chini kwa mstari mmoja na mizigo ya wenzako, kisha usogee nyuma. Askari anapita na mbwa anayenusa. Mbwa anapita begi kwa begi, pua chini, mara anarudi nyuma hatua moja, mara anaendelea. Usimwite, usimguse, usikimbilie begi lako kabla hujaruhusiwa. Ukiruhusiwa, unachukua mzigo, unapita kwenye mashine ya kupiga picha mizigo, nawe unapekuliwa. Mwite askari "afande", jibu unachoulizwa, na utapita bila shida.

Usibebe pombe, kisu, mtungi wa gesi, petroli wala kitu chochote kinacholipuka au kushika moto haraka. Kisu cha jikoni unachompelekea shangazi Mombasa ni kisu tu mbele ya afande. Kinunue kule kule.

7. Chapisha tiketi. Ujumbe wa simu peke yake hautoshi kukupandisha. Kuna mashine za kuchapishia; weka namba uliyotumiwa pamoja na namba ya kitambulisho au simu, na karatasi hutoka. Foleni ya mashine ya kwanza mlangoni ndiyo huwa ndefu, kwa hiyo angalia kama kuna nyingine nyuma yake. Ukishapata karatasi, ishike pamoja na kitambulisho mkono mmoja. Utavionyesha tena na tena.

8. Pita lango la tiketi, uende ukumbi wa kusubiri. Hapo kuna viti, vyoo na maduka. Maji na vitafunio ni ghali kidogo kuliko mtaani, lakini ndani ya treni ni ghali zaidi, kwa hiyo nunua hapa au bora utoke navyo nyumbani. Chakula chako mwenyewe unaruhusiwa kubeba. Chapati na mayai ya kuchemsha yamewahi kuvuka Tsavo mara nyingi.

Uwe umeshafika ndani ya ukumbi saa moja kabla ya treni kuondoka. Upandishaji hufungwa kabla ya saa yenyewe ya kuondoka, na treni hii huondoka kwa wakati. Hili narudia kwa sababu tuliozoea matatu inayosubiri kujaa tunadhani kila chombo kinasubiri.

9. Mkitangaziwa, teremka jukwaani na utafute behewa lako kwanza, kiti baadaye. Namba ya behewa iko kwenye tiketi na ubavuni mwa behewa. Kosa la kawaida ni kupanda mlango wa karibu na kuanza kutembea ndani na masanduku, ukipishana na wanaokuja upande wa pili. Tembea nje, jukwaani, hadi behewa lako, hata kama liko mbali. Wahudumu wamesimama kwenye kila mlango; waonyeshe tiketi, watakuelekeza.

Daraja la kawaida viti viko vitatu upande mmoja na viwili upande mwingine, mnakaa mkitazamana na meza ndogo katikati. Sukuma mizigo mizito kwenye kichanja cha juu mara moja, kabla njia haijajaa. Ukiwa na mtoto na ukipewa cha dirishani, kwa treni ya asubuhi upande wa kulia kuelekea Mombasa ndio wa Kilimanjaro, siku ambayo mawingu yamekubali. Ndani ya Tsavo angalieni pande zote, tembo wa pale ni wekundu kwa vumbi.

10. Ukirudi kutoka Mombasa, hatua ni zile zile kwa kinyume, ila moja inahitaji haraka. Treni ya kuunganisha kwenda mjini husubiri abiria wa Madaraka Express, lakini haisubiri mtu aliyesimama kupiga picha. Toka, fuata kibao cha treni ya mjini, kata nauli, panda. Madereva wa teksi watakuita kwa sauti nzuri. Ukiwahitaji, patana bei kabla mzigo haujaingia buti.

Kwa mkazi wa Syokimau, Mlolongo na Katani anayekwenda kazini

Wewe huna haja ya mbwa wala mashine za kuchapisha. Treni yako iko stesheni ya Syokimau, siyo Terminus. Ratiba yake imejengwa kwa watu wa kazi: asubuhi inaelekea mjini, jioni inarudi. Mchana usiitegemee, na Jumapili na sikukuu panga usafiri mwingine.

Fika mapema Jumatatu, maana ndiyo siku inayojaa. Kama unashuka Imara Daima au Makadara, kaa karibu na mlango, kwa sababu mabehewa yakishajaa kupenya ni kazi. Jioni pale Nairobi Central usihesabu muda kutoka ofisini kwa mwendo wa mchana. Kuvuka Haile Selassie saa kumi na moja jioni ni safari peke yake. Na gari lako ukiliacha kwenye maegesho ya Syokimau, usiache laptopu kwenye kiti. Ni kanuni ya kila maegesho ya Nairobi.

Mambo yakienda mrama

*Pesa imekatwa M-Pesa lakini ujumbe wa tiketi haujaja.* Usilipe mara ya pili haraka. Subiri kidogo, kisha jaribu tena kuona kama nafasi imesajiliwa. Ikishindikana, wapigie huduma kwa wateja ukiwa na namba ya muamala wa M-Pesa mkononi. Namba hiyo ndiyo ushahidi wako, usiifute.

*Namba ya kitambulisho ina kosa la tarakimu moja.* Nenda dirisha la tiketi mapema, kabla ya foleni ya ukaguzi, uonyeshe kitambulisho na ujumbe. Ukingoja hadi lango la ndani, aliye pale hana uwezo wa kubadilisha, na nyuma yako kuna watu mia.

*Umefika Nairobi Central, treni ya kuunganisha imeshaondoka.* Usikae kungoja inayofuata kabla hujajua saa yake. Ikiwa imebaki chini ya saa mbili kwa treni yako, chukua teksi au bodaboda na uombe Expressway kama ni gari. Matatu iwe chaguo la mwisho wakati huo.

*Umeshuka Syokimau badala ya Terminus.* Usianze kukata vichochoro na mizigo ukifuata reli. Kutembea juu ya reli ni hatari na hukatazwa. Toka nje kwa mlango wa kawaida, chukua bodaboda hadi lango la SGR. Ni karibu.

*Simu imezima na namba ya tiketi hukuandika.* Nenda dirishani na kitambulisho. Jina na namba yako vimo kwenye mfumo. Utachelewa, hivyo usisubiri hadi dakika za mwisho ukihangaika na chaja.

*Umechelewa na lango limefungwa.* Usigombane na walinzi, hawafungui. Nenda moja kwa moja dirisha la tiketi, eleza, na uulize nafasi kwenye treni inayofuata. Msimu wa likizo wanaowahi dirishani ndio wanaopata viti vichache vilivyobaki.

*Kuna mtu amekaa kwenye kiti chako.* Linganisheni tiketi kwa utulivu, mkianzia na namba ya behewa. Mara nyingi kiti ni kile kile na behewa ni jingine. Mkishindwa kuelewana, mwite mhudumu.

*Umefika Nairobi alfajiri na treni ya usiku.* Kama huna anayekupokea, kaa ndani au jirani na jengo hadi treni ya kuunganisha au hadi kupambazuke. Usiondoke na gari la mtu usiyemjua eti ni rahisi kidogo.

*Umesahau begi ndani ya treni.* Rudi kwa mhudumu yeyote jukwaani kabla hujatoka nje ya jengo. Taja namba ya behewa, namba ya kiti, na begi lilikuwa juu au chini ya kiti. Ndiyo maana karatasi ya tiketi usiitupe hadi umefika nyumbani.